Kutoka Kinasa Sauti hadi Karatasi ya Mtihani: Suala la Umbo la Tathmini katika Utafiti wa Nyanjani wa Wanafunzi wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Historia ya fasihi simulizi katika shule za Kenya imezoeleka kusimuliwa kama historia ya ushindi. Huanzia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968, hupitia mkutano wa walimu wa fasihi wa mwaka 1974, na huishia pale ambapo ngano, vitendawili, methali na nyimbo za wazee zilipata nafasi katika silabasi na katika mtihani wa kitaifa. Simulizi hiyo si ya uongo. Hata hivyo, huacha kando swali ambalo wahakiki wengi wameliona kuwa la walimu wa darasani tu: mwanafunzi aliyekwenda kwa mzee, akamsikiliza, akainasa sauti yake na kurudi nayo shuleni, aitathmini kazi hiyo kwa umbo gani? Aandike insha? Ajibu kwa hoja zilizopewa nambari? Au awachezee wenzake kanda na kuisimamisha kila anapokuwa na jambo la kueleza?

Makala haya yanashikilia kwamba suala hili la umbo, ambalo huonekana kuwa dogo, ndilo lililoamua hatima ya utafiti wa nyanjani katika shule za Kenya. Umbo lililochaguliwa ni jibu lililoandikwa kwenye karatasi ya mtihani. Umbo hilo lilianza kwa kumwondoa fanani, na mwishowe likamwondoa hata mtafiti.

Mfano utakaorejelewa ni wa Boito. Kata hii imo Konoin, katika Kaunti ya Bomet, kwenye nyanda za majani chai ambazo hadi mwaka 1992, Wilaya ya Bomet ilipomegwa, zilikuwa sehemu ya Kericho. Wenyeji wake wengi ni Wakipsigis, wakulima wa mashamba madogo wanaopeleka majani yao kwenye vituo vya kununulia. Katika nyanda hizohizo yamo mashamba makubwa ya makampuni, yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 1920, na ambayo yalivuta wafanyakazi kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi. Kwa sababu hiyo Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi za wachumaji kwa vizazi kadhaa, ilhali Kikipsigis kimebaki lugha ya meko na ya ngano. Mtoto wa Boito anayetumwa kukusanya ngano hahitaji nauli wala barua ya kujitambulisha. Anavuka shamba la chai, anaingia kwa kogo, yaani nyanya yake, na kuomba asimuliwe atindoniot.

Sasa mtoto huyo anapoulizwa katika mtihani wa Kiswahili ataje matatizo yanayomkabili mtafiti nyanjani, jibu analoliandika ni lilelile linaloandikwa Mombasa na Garissa: gharama ya usafiri, ugumu wa lugha, wenyeji kukataa kushirikiana, vifaa kuharibika, mvua. Anaandika "ugumu wa lugha" juu ya mazungumzo yaliyofanyika kwa lugha ya mama yake, na anaandika "wenyeji kukataa kushirikiana" ilhali mwenyeji ni nyanya yake. Kwa jibu hilo hupata alama zote.

Kadi ya Kapkatet

Suala la umbo la tathmini halikuanzia shuleni. Lilianza siku ya kwanza mashine ya kunasia sauti ilipofikishwa katika nyanda hizi, na kwa bahati njema tukio moja la aina hiyo linajulikana vizuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika aliyekuwa akifanyia kazi zake Afrika Kusini, alifika Kapkatet, katika Bureti iliyo jirani na Konoin, akawanasa waimbaji wa Kikipsigis. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa zimo tatu zilizoitwa Chemirocha. Jina hilo ni matamshi ya Kikipsigis ya jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko kabla ya Tracey. Wimbo wa tatu, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ndio uliopata umaarufu mkubwa zaidi duniani.

Tracey hakuwa mtu wa kunasa na kwenda zake. Kila wimbo aliutathmini, na umbo alilolichagua ni kadi ya nyanjani yenye maelezo mafupi: jina la mwimbaji, lugha, ala, aina ya wimbo na muhtasari wa maana. Kadi hizo ndizo zilizokuja kuwa msingi wa katalogi kubwa ya santuri za maktaba aliyoiasisi mwaka 1954. Inafaa akiri msomaji kwamba hii ni kazi ya uangalifu. A. C. Hollis, aliyechapisha ngano na vitendawili vya Wanandi mwaka 1909, aliwapa wasomaji wake matini yenyewe kwa lugha ya asili, lakini sauti haikuwezekana. Tracey alitoa sauti, na pamoja nayo jina la mwimbaji.

Lakini kadi ina mipaka yake, nayo ni mipaka ya umbo. Katika maelezo ya Tracey, Chemirocha wa wasichana wale ni kiumbe nusu mtu nusu paa, ambaye wasichana wanamwalika aje kucheza ngoma. Maelezo hayo yamerudiwa tangu wakati huo katika maandiko mengi juu ya wimbo huu. Swali la kihakiki si kama ni ya kweli au si ya kweli. Huenda wasichana walisema hivyo, huenda walikuwa wakimtania mgeni, huenda mkalimani alikutanisha maneno mawili yaliyokaribiana. Swali ni kwamba kadi haina mahali pa mwimbaji kujibu. Mtathmini anaandika, mwimbaji ameshaondoka, na lililoandikwa linakuwa ndilo maana ya wimbo.

Katika miaka ya katikati ya mwongo wa 2010, maktaba hiyo ya Tracey, ikishirikiana na wanamuziki na wanasesi wa Kenya wa mradi wa Singing Wells, ilizirudisha nakala za kanda Kapkatet. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1950 walizisikiliza. Wengine walizitambua sauti za watu waliokwisha kufa. Hapo ndipo, baada ya zaidi ya miaka 60, palipopatikana umbo jingine la tathmini: kanda inachezwa mbele ya wenyewe, na wenyewe wanasema. Umbo hili halikuhitaji elimu yoyote ambayo Kapkatet haikuwa nayo mwaka 1950. Lilihitaji tu mtu akubali kwamba kazi ya kutathmini haijakwisha pale mashine inapozimwa.

Kutoka Nairobi hadi silabasi

Waraka wa Oktoba 1968, ulioandikwa na Henry Owuor Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong'o kudai kuondolewa kwa Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi, ulitaka fasihi simulizi iwe kiini cha masomo ya fasihi. Jambo lisilotiliwa mkazo wa kutosha ni kwamba dai hilo lilikuwa pia dai la mbinu. Fasihi simulizi isingeweza kusomwa maktabani kwa sababu sehemu yake kubwa haikuwako maktabani. Mwanafunzi alilazimika kwenda. Ndiyo maana kitabu cha Taban lo Liyong, Popular Culture of East Africa (1972), kilitegemea kwa kiasi kikubwa kazi za wanafunzi. Kwa muda mfupi hivi mwanafunzi wa Kenya alikuwa mkusanyaji, mfasiri na mhakiki kwa wakati mmoja, na alichokileta kutoka kwao kilihesabiwa kuwa maarifa mapya.

Mkutano wa Septemba 1974 uliofanyika Nairobi School ulipendekeza mwelekeo huo uenezwe hadi shule za sekondari. Miaka iliyofuata ilileta vitabu. African Oral Literature for Schools cha Jane Nandwa na Austin Bukenya (1983) kilimpa mwalimu wa sekondari lugha ya kufundishia. Oral Literature of the Kalenjin cha Ciarunji Chesaina (1991) kiliwapa Wakalenjin, Wakipsigis wakiwamo, mkusanyo uliotoka katika mikono ya mtaalamu wa chuo kikuu cha nchi yenyewe. Kabla yake Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu wa Kikipsigis, alikuwa amechapisha Oral Traditional History of the Kipsigis mwaka 1979. Upande wa Kiswahili, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulilifanya somo kuwa la lazima, na fasihi simulizi ikaingia humo pamoja na riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi.

Kisha ukaja mtihani. Mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mfumo huo ulifanywa mwaka 1989, na watahiniwa walikuwa zaidi ya laki moja. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya laki tisa. Haingekuwa haki kulizungumzia suala la umbo bila kuutazama umati huu. Mtahini anayesahihisha mamia ya karatasi katika siku chache hawezi kusikiliza kanda. Anahitaji hoja zinazohesabika, na mwongozo wa kusahihishia unaompa kila msahihishaji, popote alipo, jibu lilelile. Karatasi haikuchaguliwa kwa sababu ilifaa fasihi simulizi. Ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa tayari ipo, imerithiwa kutoka mitihani ya Cambridge iliyotumika kabla ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa sababu ilibeba idadi.

Hata hivyo, hoja ya idadi haimalizi mjadala. Baraza la mitihani limekuwa likiyapa masomo mengine maumbo mengine. Mtahiniwa wa Sanaa hupewa mradi wa kuutengeneza kwa miezi kadhaa. Mtahiniwa wa Muziki huimba au hupiga ala mbele ya mtahini. Mtahiniwa wa Kilimo hulima. Watahiniwa wa masomo hayo ni wachache kuliko wa Kiswahili, na tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini ipo tofauti nyingine isiyotajwa. Katika Muziki na Sanaa ilikubalika kwamba kazi yenyewe ni aina ya maarifa. Katika lugha, maarifa yalihesabiwa kuwa ni yale yanayoweza kuandikwa juu ya kazi.

Jinsi karatasi ilivyoumeza uwanja

Karatasi ya tatu ya Kiswahili, inayotahini fasihi, ina alama 80, na mtahiniwa hujibu maswali manne kwa muda wa saa mbili na nusu. Fasihi simulizi hupata swali mojawapo. Utafiti wa nyanjani unapoingia humo, aghalabu swali huwa la dhana: mtahiniwa anaambiwa ajifanye anakusudia kwenda kukusanya ngano, kisha aeleze maandalizi, mbinu, manufaa au matatizo. Kiarifa cha swali kimo katika wakati ujao au katika hali ya kudhania. Hakuna anayemuuliza mtoto: ulikwenda wapi, ulimsikia nani, alisema nini, na wewe ulikosea wapi?

Tofauti hii ya nyakati za vitenzi ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Swali lililo katika wakati uliopita lingemlazimu mtahiniwa awe na kitu. Swali la kudhania humruhusu asiwe na chochote, na zaidi ya hayo humwadhibu aliyenacho. Mwanafunzi wa Boito aliyekwenda kwa kogo kweli, na akaona kwamba tatizo lake kubwa lilikuwa kwamba nyanya alikataa kusimulia mchana, au kwamba alicheka akasahau wimbo katikati, atakuwa ameleta hoja isiyomo katika mwongozo. Mwenzake ambaye hakutoka darasani, bali aliikariri orodha ya kitabu cha marudio, atakuwa amejibu sawasawa. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya matokeo kama hayo, mwalimu mwenye busara huacha kuwapeleka wanafunzi nyanjani. Si uvivu. Ni kusoma ishara za mtihani, na mwalimu wa Kenya huzisoma vizuri kuliko mtu yeyote.

Jambo hilihili limetokea katika karatasi ya kwanza, ile ya insha. Swali lake la lazima humtaka mtahiniwa aandike utungo wa kiuamilifu: hotuba, tahariri, ripoti, barua, mahojiano. Mahojiano hasa yanastahili kutazamwa. Mtoto anaandika mahojiano ya redio baina ya watu wawili ambao hawajawahi kuwako, anapanga majina yao pembeni mwa ukurasa kama ya tamthilia, anatia mabano ya kuonyesha kicheko na kikohozi, na anatahiniwa kwa muundo huo. Pengine anaishi mahali ambapo vituo vya redio vinavyotangaza kwa Kikalenjin husikika kutwa, na kila jioni husikia mahojiano ya kweli yasiyofanana hata kidogo na anayoyaandika. Chombo cha habari kimeingia mtihanini kikiwa kimenyamazishwa.

Kejeli ya historia ni kwamba mti ule uliotoa karatasi hii umechipua tawi jingine. Katika somo la Taaluma ya Vyombo vya Habari linalotahiniwa na Cambridge kwa kiwango cha juu cha sekondari, mwanafunzi aliyetengeneza filamu, jarida au kipindi hutakiwa kuitathmini kazi yake mwenyewe kwa umbo bunifu la kidijitali: sauti iliyorekodiwa, maelezo ya mtengenezaji yanayokwenda sambamba na picha, slaidi zenye sauti na kadhalika. Si sharti kila kinachotoka huko kiigwe. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mwanafunzi anayefuata mitihani ya Cambridge anaruhusiwa kuitathmini kazi yake kwa kinywa, ilhali mwanafunzi wa fasihi simulizi, taaluma ya kinywa kwa jina na kwa asili, anatakiwa anyamaze aandike.

Jukwaa kama umbo la tathmini

Isidhaniwe kwamba shule za Kenya hazijui tathmini ya kinywa. Zinaijua tangu mwaka 1959, tamasha la drama la shule lilipoanza. Tamasha hilo lilirithi desturi ya Kiingereza ya mwamuzi kupanda jukwaani baada ya maonyesho na kusema, mbele ya waigizaji na hadhira yao, kilichofaulu na kilichoshindwa. Desturi hiyo ilikuwa na ubaya wake. Waamuzi wa miaka ya mwanzo walikuwa Waingereza, na walichokipima mara nyingi kilikuwa matamshi ya Kiingereza. Lakini tamasha lilipobadilika baadaye, likaikaribisha lugha ya Kiswahili, masimulizi, maghani ya kikundi na ngoma za ubunifu, umbo la tathmini lilibaki: kauli hai, iliyotolewa ana kwa ana, inayoweza kubishwa. Katika mwongo wa 2010 filamu iliongezwa, na tamasha likachukua jina la drama na filamu. Msichana wa kijijini akaweza kutengeneza picha kwa kamera ya shule na kumsikia mwamuzi akiizungumzia.

Gharama ya umbo hilo nayo haina budi kutajwa. Tathmini inayofanywa hadharani husikilizwa na wengi, serikali ikiwamo. Mwaka 2013 tamthilia Shackles of Doom ya Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere ilizuiwa na maafisa wa elimu, na ni mahakama iliyoirudisha jukwaani. Aprili 2025 wanafunzi wa shule hiyohiyo walifika Nakuru na tamthilia Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuigiza. Polisi walirusha mabomu ya machozi, mwandishi wa tamthilia, Cleophas Malala, alizuiwa kuwafikia waigizaji wake, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila kuigiza.  Aliye na shaka kwamba umbo la tathmini ni suala la mamlaka na azipime siku hizo mbili pamoja: siku ya mtihani wa karatasi ya tatu, na siku ile ya Nakuru.

Kwa hiyo anayependekeza sauti badala ya karatasi anapendekeza pia kwamba mwanafunzi aonekane. Hilo si jambo la kuchezewa. Mtoto anayerekodi ngano ya nyanyake hayumo katika hatari ya mabomu ya machozi, lakini yumo katika hatari ya kuchekwa na wenzake kwa lafudhi yake, na kogo yumo katika hatari ya sauti yake kusambazwa asikokujua. Ruhusa ya fanani, ambayo katika majibu ya mtihani huwa hoja ya kutajwa na kupita, inakuwa hapa sharti la kwanza.

Umbo gani basi?

Maumbo yanayoweza kushindana ni mengi, na baadhi yake hayastahili muda mrefu. Bango la ukutani, ambalo limekuwa kipenzi cha walimu tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019, huishia kuwa kazi ya saiba: mzazi analipa, mwenye saiba anachapisha, mtoto anabandika. Faili ya kazi za mwanafunzi ni bora kidogo, ila nayo ni karatasi juu ya karatasi. Filamu inahitaji kamera na muda. Shule chache za nyanda za chai zinavyo.

Umbo linalopendekezwa na makala haya ni la bei nafuu zaidi, na ndilo lililojitokeza Kapkatet bila kupangwa: maelezo ya sauti juu ya kanda. Mwanafunzi anamnasa fanani. Anarudi siku nyingine, anamchezea alichokinasa, na kuinasa kauli yake. Kisha yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, anazungumza juu ya kanda hizo mbili kwa dakika kumi hivi, akiisimamisha ngano pale anapotaka. Sauti tatu, na hakuna hata moja iliyofunikwa na nyingine.

Faida ya umbo hili huonekana katika jambo moja la tafsiri. Katika ngano za Wakipsigis na Wanandi yumo kiumbe aitwaye chemosit, mla watu, ambaye Hollis alielezwa kuwa ana mguu mmoja. Mtahiniwa anayeiandika ngano hiyo kwa Kiswahili huandika "zimwi", na hakosi alama. Lakini zimwi la Kiswahili lina ukoo wake. Linatoka katika ngano za pwani, linakuja na msamiati wake wa harufu ya binadamu na mtoto aliyeachwa njiani, na msomaji analijua kabla halijaingia. Chemosit anapogeuzwa zimwi anapoteza mguu wake mmoja, msitu wake na baridi ya milima ile. Katika karatasi upotevu huo hauonekani, kwa maana hakuna kilichobaki cha kulinganishia. Katika maelezo ya sauti, kogo amesema "chemosit" na sikio la kila mtu limesikia. Mwanafunzi hana budi kusimama hapo na kujieleza: kwa nini zimwi, kwa nini si jitu, au kwa nini asiliache neno kama lilivyo. Huo ni uhakiki. Na kogo akichezewa kanda anaweza kusema kwamba chemosit wa ngano hii si yule wa ngano nyingine, jambo ambalo hakuna kitabu cha marudio kilichopata kulisema.

Vivyo hivyo kwa ukimya. Kila aliyewahi kunasa wazee anajua kwamba sehemu ya maana iko katika mahali waliponyamaza, walipomtazama mjukuu na kubadili wimbo, au walipoagiza mashine izimwe. Katika maandishi sehemu hizo hujazwa nukta tatu. Katika maelezo ya sauti mwanafunzi anaweza kusema tu: hapa aliniambia nizime, nikazima. Kwa sentensi hiyo ameonyesha kwamba anaielewa kazi ya nyanjani kuliko anayetaja manufaa yake kumi.

Pingamizi zipo, na nzito kuliko zote ni tatu. Ya kwanza ni kifaa. Simu ndiyo kinasa sauti cha leo, nayo ni marufuku katika shule nyingi za bweni, hivi kwamba mwanafunzi ananyang'anywa langoni chombo kilekile ambacho mtihani unamtaka aeleze faida zake. Jambo hili linaweza kutatuliwa na mwalimu wa Kiswahili mwenye simu moja ya idara na daftari la kuisajili. Ya pili ni haki: mwanafunzi wa kambi ya chai ambaye nyanyake yuko Kisii au Siaya hana kogo wa kumwendea jioni. Lakini kambi yenyewe ina wasimulizi wake, ina nyimbo za wachumaji, ina utani wa Kiswahili baina ya makabila ambao wahakiki bado hawajauchunguza ipasavyo. Ya tatu ni usahihishaji, na hapa ndipo walimu wenyewe watakapopinga kwa sauti kubwa. Vipimo vya mtaala wa sasa, vinavyomgawa mwanafunzi katika kuzidisha matarajio, kuyafikia, kuyakaribia au kuwa mbali nayo, vinategemea matarajio yaliyoandikwa mapema. Ngano nzuri aghalabu huleta jambo ambalo halikutarajiwa. Pingamizi hii haijibiki kikamilifu. Linaloweza kusemwa ni kwamba mwamuzi wa tamasha amekuwa akikabiliana nayo tangu 1959, na alama bado hutolewa.

Wakati wenyewe unaruhusu majaribio. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na kundi la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Tathmini za shuleni zimepewa nafasi katika mfumo mpya, nafasi ambayo hazikuwa nayo katika lugha kwa zaidi ya miaka 30. Iwapo nafasi hiyo itajazwa kwa mabango au kwa sauti, uamuzi mwingi uko mikononi mwa walimu wa somo katika shule moja moja, Boito ikiwa mojawapo, kabla haujafika kwa watunga mitaala wa Nairobi.

Limebaki suala la mahali pa kuziweka kanda. Za Kapkatet zilihifadhiwa Afrika Kusini na zilichukua zaidi ya miaka 60 kurudi, lakini zilirudi, kwa kuwa zilikuwa na kadi na rafu. Sauti ya kogo iliyonaswa kwa simu ya mjukuu hufutwa pengine wiki hiyohiyo ili kupata nafasi ya picha. Shule inayoamua kutathmini kwa sauti haina budi kwanza kuamua ni kabati gani litakalozihifadhi sauti hizo, nani atakayeshika ufunguo wake, na ni kwa utaratibu gani kogo, au watoto wake akishafariki, ataruhusiwa kuja kuzisikiliza.